Jinsi ya Kuchambua Hadithi Fupi kwa Istilahi za Msingi: Mwongozo Kamili

Mwulize mwanafunzi wa kidato cha tatu maana ya kinaya, atakujibu bila kupepesa macho. Kisha mpe hadithi asiyowahi kuisoma, mwambie akuonyeshe kinaya kiko wapi. Hapo ndipo anapoanza kukuna kichwa. Fasili za istilahi zimejaa katika kila kitabu cha mapitio na wala si ngumu kuzikariri. Kinachowashinda wengi ni kuingia nazo ndani ya hadithi na kutoka na kitu.

Kwa hiyo katika mwongozo huu kila istilahi nitaigeuza iwe swali la kuiuliza hadithi. Ukishapata jibu, lazima uweze kuonyesha sentensi iliyokupa jibu hilo, kisha useme jambo hilo linaifanyia hadithi kazi gani. Kutaja, kuthibitisha, kueleza kazi. Atakayeishia kwenye kutaja ameorodhesha tu, hajachambua.

Tutafanyia mazoezi hadithi moja ndogo niliyoiandika kwa ajili hiyo, ili pasiwe na mtu anayejua majibu yake kutoka kwenye mapitio. Isome kwanza kama msomaji wa kawaida.

DAFTARI

*Duka la Mzee Kombo lilikuwa na vitu viwili vilivyoogopwa mtaani: mizani na daftari jekundu. Mizani ilipunja, kila mtu alijua. Daftari halikumpunja Mzee hata senti.*

*"Mama amesema atakuja," nilikuwa nikimwambia, mfuko wa sukari robo mkononi. Mzee Kombo alilamba ncha ya penseli, akainama, akaandika. Hakuuliza jina. Mwisho wa mwezi alisimama barazani akimdai kila apitaye: huyu mafuta ya taa, huyu unga kilo mbili, yule deni la tangu Rajabu. Alidai kwa kichwa, daftari limelala kwapani.*

*Alifariki wakati wa masika, matope yakiwa hadi vifundoni. Mtaa mzima ulihamia msibani. Wanaume waligombania majembe. Mama alilia kuliko mjane.*

*Usiku wa pili wa matanga akanivuta pembeni. "Wewe mdogo, hakuna atakayekushuku. Lilete."*

*Nilipitia mlango wa uani. Daftari lilikuwa chini ya mizani. Nikalifungua kwenye mwanga wa kibatari, nilione jina letu kabla halijachomwa. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mistari ya mawimbi, kutoka ukingo hadi ukingo. Wa pili vilevile. Wa mwisho vilevile. Hapakuwa na herufi hata moja.*

*Nikalirudisha chini ya mizani.*

*"Umelipata?" Mama aliuliza.*

*"Analo mjane," nikamwambia. "Nimemkuta akilisoma. Sisi tupo ukurasa wa kwanza."*

*Asubuhi, uji haujaiva, Mama alikuwa ameshafunga noti kwenye pindo la kanga anaelekea kwa mjane. Nyuma yake wengine walifuatana.*

Kwanza, ufupi wenyewe

Mwandishi Mmarekani Edgar Allan Poe alisisitiza mwaka 1842 kwamba hadithi ya aina hii isomwe kwa kikao kimoja, na kila kilichomo kielekezwe kwenye athari moja tu kwa msomaji. Watu wamebishana naye tangu wakati huo, lakini kwa mchambuzi anayeanza maneno hayo yana faida kubwa. Riwaya ina nafasi ya kumweleza jirani wa shangazi yake mhusika na mbuzi wake watatu. Hadithi fupi haina nafasi hiyo. Ukikuta ndani yake jambo dogo lililopewa sentensi nzima, kama ile "Hakuuliza jina", lishuku. Karibu kila mara lina kazi.

Hatua ya 1: Soma mara mbili, kalamu ije mara ya pili

Usomaji wa kwanza ni wa kufuata kisa na kuona kimekuacha na hisia gani. Acha kupiga mistari. Ukishika kalamu mapema utapigia mstari kila tashbihi na kukosa kuona hadithi inakwenda wapi.

Usomaji wa pili unafanywa na mtu anayejua mwisho, na hapo hadithi inabadilika. Rudi kwenye "Daftari halikumpunja Mzee hata senti." Mara ya kwanza ulidhani ni kwa sababu aliandika kwa makini. Sasa unajua deni lilikaa kichwani mwake muda wote, na sentensi hiyo ni kweli kwa sababu nyingine kabisa. Pembezoni andika swali moja tu kila unaposimama: kwa nini ameiweka hapa?

Hatua ya 2: Tenganisha kisa na msuko

Kisa ni matukio kama yalivyotokea kwa mfuatano wa wakati. Msuko, ambao Kenya wengi huuita ploti, ni jinsi mwandishi alivyoyapanga na kuyaunganisha kwa sababu na matokeo. Andika kisa kwa sentensi zako tano au sita, kuanzia tukio la zamani kabisa. Kwa "Daftari", la zamani kabisa ni hili: Mzee Kombo hakujifunza kuandika. Sisi tumelipata karibu na mwisho. Umbali huo kati ya lilipotokea na tulipoambiwa ndio kazi ya msuko, na ndio unaotufanya tushtuke.

Sehemu za msuko zinazotajwa sana ni mwanzo au utangulizi, kupanda kwa mgogoro, kilele, kushuka na mwisho. Mpango huu wa sehemu tano unatokana na Mjerumani Gustav Freytag, aliyeuchora mwaka 1863 akizungumzia tamthilia. Hadithi fupi haikuapa kuufuata. Nyingine huanzia katikati ya purukushani, nyingine hukatika pale pale kwenye kilele na kukuacha umeduwaa. Usizilazimishe.

Kilele kiko wapi kwenye "Daftari"? Darasa likiulizwa, wengi watasema ni pale linapofunguliwa. Mimi naona pale ni ugunduzi. Kilele ni pale mtoto anapofungua mdomo kumjibu mama yake, maana hapo ndipo jambo linaweza kwenda huku au kule, na baada ya hapo haliwezi kurudi. Mwenye maoni mengine anaweza kuyatetea, mradi asiseme tu "kwa sababu panasisimua".

Hapa pia ndipo penye mbinu rejeshi, yaani kisengerenyuma: masimulizi yanakatishwa ili kurudi kwenye tukio la nyuma, kisha yanaendelea. Kosa linalojirudia kwenye karatasi za mtihani ni kudhani kila hadithi iliyosimuliwa kwa "-li-" ni mbinu rejeshi. Hadithi karibu zote husimuliwa kwa wakati uliopita. "Daftari" haina mbinu rejeshi hata moja. Inakwenda mbele tangu mwanzo hadi mwisho. Ingekuwa nayo kama ingeanza na Mama akifunga noti kwenye kanga, kisha ikarudi dukani.

Hatua ya 3: Nani anasimulia, na anajua kiasi gani?

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo yenye utajiri zaidi.

Anza kwa kumweka mwandishi kando. Msimulizi ni sauti ambayo mwandishi ameibuni ili ibebe hadithi. Mimi niliyeandika "Daftari" sijawahi kutumwa kuiba daftari la mtu. Ukiandika "mwandishi anasema mama yake alilia kuliko mjane", umeshapotea njia. Andika "msimulizi anasema".

Kisha tambua nafsi. Msimulizi wa nafsi ya kwanza hutumia "ni-" au "tu-" na mara nyingi ni mhusika ndani ya hadithi. Msimulizi wa nafsi ya tatu husimulia habari za "a-" na "wa-" akiwa nje. Akiwa anajua mpaka mawazo ya kila mhusika, huitwa msimulizi maizi. Mwingine wa nafsi ya tatu humfuata mhusika mmoja tu na kuona kile anachokiona huyo. Nafsi ya pili, ya kusimulia kwa "u-", ipo lakini ni nadra.

Wengi huishia hapo: "Hadithi imetumia nafsi ya kwanza." Sawa, kisha? Endelea kuuliza: nafsi hii inatuficha nini? Msimulizi wa "Daftari" ni mtoto. Hajui Mzee Kombo aliwaza nini alipokuwa akichora mawimbi yale. Hatuambiwi kama Mzee aliona haya, kama alicheka moyoni, kama mkewe alijua siri. Msimulizi maizi angetueleza yote hayo kwa aya moja, na hadithi ingekufa papo hapo, kwa sababu tungeingia dukani tukiwa tunajua. Kutojua kwa mtoto ndiko kunakoilinda siri mpaka kibatari kinapowashwa.

Njia nzuri ya kujipima: chukua aya moja uibadilishe nafsi. Jaribu ile ya tatu isimuliwe na Mama. "Nililia kuliko mjane" haiwezekani kutoka kinywani mwake, asingejisema hivyo. Ni mtoto anayemtazama kwa pembeni ndiye anayeweza kuliona na kulitaja. Ukishaliona hilo, tayari una hoja nzima ya kuandika kuhusu usimulizi.

Toni inakaa jirani na suala hili. Ni msimamo wa sauti kuhusu jambo linalosimuliwa: ya huzuni, ya kejeli, ya mzaha, ya hasira. Msimulizi wetu anaeleza msiba bila neno hata moja la majonzi. Anahesabu majembe na machozi. Toni yake ni kavu, na ukavu huo unatuambia kwamba waombolezaji hawakuja kuomboleza.

Hatua ya 4: Wahusika na usawiri wao

Usawiri ni jinsi mwandishi anavyomjenga mhusika. Zipo njia ya moja kwa moja, ambapo msimulizi anasema "alikuwa mchoyo", na njia ya kuonyesha, ambapo tunapewa matendo, maneno, sura, jina, na yale wengine wanayomsema, tukaamua wenyewe. Hadithi fupi nyingi nzuri hutegemea njia ya pili. Kwa hiyo sifa unayoitaja lazima iwe na tendo nyuma yake. Mama ni mnafiki: analia kuliko mjane, usiku anamtuma mwanawe akaibe. Mama pia ni mwoga wa aibu: anakimbilia kulipa kabla uji haujaiva.

Usichanganye sifa na wadhifa. "Muuza duka" ni kazi. "Mama wa msimulizi" ni uhusiano. "Mwerevu" ndiyo sifa. Na swali likiuliza umuhimu wa mhusika, hilo ni jambo la tatu: linataka uonyeshe hadithi ingepungukiwa na nini asingekuwamo.

Mgawanyo wa wahusika bapa na duara umetokana na Mwingereza E. M. Forster, mwaka 1927. Bapa ana upande mmoja na habadiliki. Duara ana pande nyingi na anaweza kutushangaza. Walimu wengi wa Tanzania huongeza mhusika shinda, anayekaa kati ya hao wawili na mara nyingi hutegemea wahusika wengine. Kenya utasikia zaidi mhusika mkuu, wahusika wasaidizi na wahusika wadogo, mgawanyo unaopima nafasi ya mtu katika hadithi. Mtu anaweza kuwa mhusika mkuu na bado awe bapa.

Mzee Kombo je? Anapunja kwenye mizani. Hapo hapo, anakumbuka deni la kila mtu kwa usahihi bila kuandika herufi, na hatusikii mtu akilalamika kwamba alidaiwa asichokopa. Mwizi wa gramu na mwaminifu wa hesabu katika mtu mmoja. Ni duara, ingawa hakupewa hata sentensi moja ya kusema.

Hatua ya 5: Mandhari

Mandhari ni mahali, wakati na mazingira ya kijamii. Sehemu hii ya tatu ndiyo inayosahaulika. Neno "Rajabu" linatuweka kwenye jamii inayohesabu miezi ya Kiislamu. Kanga, baraza na matanga vinatusogeza pwani. Sukari robo kwa mkopo inatuonyesha hali ya mfuko. Kibatari kinahitajika kabisa, maana mwanga wake mdogo unamfanya mtoto apekue kurasa moja baada ya nyingine kabla hajaamini macho yake. Jiulize tu: hadithi hii ingewezekana kwenye supamaketi? Mkopo wa mdomo unahitaji mtaa ambao watu wanajuana.

Hatua ya 6: Mgogoro na taharuki

Mgogoro ni mvutano. Unaweza kuwa kati ya mtu na mtu, mtu na jamii, mtu na mazingira, au mtu na nafsi yake. Tafuta wanaovutana, kisha tafuta wanachovutania. Katika "Daftari" upo mgogoro wa wazi kati ya mdai na wadaiwa, lakini wenye uzito ni ule wa ndani, wa mtoto anayejua ukweli na anapaswa kuchagua: amwambie mama yake kwamba deni halina ushahidi, au la? Haukuandikwa popote. Unauona katika sentensi moja inayosimama peke yake: "Nikalirudisha chini ya mizani."

Taharuki ni ile hali ya msomaji kutaka kujua kitakachofuata. Inazaliwa pale anapojua nusu. "Lilete" ni amri isiyotaja kitu, lakini tumeshakijua. Tunakwenda uani tukiwa na hofu ya mtoto kukamatwa, kumbe hatari iko kwingine. Kidokezo ni ndugu wa taharuki: jambo dogo linalotangulia kuashiria litakalokuja. "Hakuuliza jina" na "Alidai kwa kichwa" ni vidokezo viwili, na vyote ulivipita bila kuvitilia maanani, kama ilivyokusudiwa.

Hatua ya 7: Kinaya, na mambo yanayochanganywa nacho

Kinaya ni pengo kati ya kinachotarajiwa au kinachosemwa na kilicho kweli. Kipo cha namna tatu, na "Daftari" inazo zote.

Kinaya cha hali: matokeo yanapingana na matarajio. Mtaa mzima unaogopa ushahidi ambao haupo. Mama anamtuma mtoto ili deni life, na safari hiyo hiyo ndiyo inayosababisha lilipwe.

Kinaya cha maneno: yanayosemwa yana maana inayopingana na sura yake. "Wanaume waligombania majembe" inasikika kama sifa ya ushirikiano msibani. Ukijua walichokuwa wakikiwaza, si sifa tena.

Kinaya cha kidrama: msomaji anajua asichokijua mhusika. Katika aya ya mwisho sisi na mtoto tunajua kurasa hazina herufi, Mama hajui, na noti ziko kwenye pindo la kanga. Uchungu na ucheshi wa sentensi ile vinatoka hapo.

Sadfa ni kitu kingine: matukio mawili kukutana bila kupangwa, kwa mfano mtoto angeingia uani na kumkuta mdaiwa mwingine ametumwa kazi ile ile. Hadithi yetu haina sadfa. Mwanafunzi akiona "alifariki" huandika sadfa, lakini kufa hakutoshi. Lazima kugongane na tukio jingine kwa namna inayoshangaza. Kejeli nayo ni kumdhihaki mtu au jambo, na mara nyingi hutumia kinaya cha maneno kama chombo. Si kila kinaya kina kejeli. Ile aya ya mwisho haimdhihaki mtu.

Hatua ya 8: Matumizi ya lugha

Hapa nitapita haraka, kwa sababu ndipo wanafunzi wanapotumia muda mwingi kupita kiasi. Tashbihi hulinganisha kwa kutumia "kama" au "mithili ya"; sitiari hulinganisha bila kiunganishi hicho. Tashihisi hukipa kitu tabia ya kiumbe hai: "daftari limelala kwapani". Chuku, au mubalagha, hutia chumvi: "Mtaa mzima ulihamia msibani." Takriri hurudia kwa makusudi: "Wa pili vilevile. Wa mwisho vilevile." Tafsida hupunguza ukali wa neno, kama "alifariki". Taswira ni picha inayojengwa akilini kupitia milango ya fahamu. Matope ya vifundoni utayahisi, mistari ya mawimbi utaiona.

Kuhesabu tamathali hakukupi uchambuzi. Chagua moja yenye kazi uieleze. Ile takriri ya "vilevile", kwa mfano, inatulazimisha kufunua kurasa pamoja na mtoto, tukitumaini kila mara kwamba unaofuata utakuwa na jina.

Penye uzito ni ishara: kitu halisi katika hadithi kinachobeba maana pana kuliko chenyewe. Vigezo vyangu vya kukitambua ni hivi: kinarudi zaidi ya mara moja, kinawekwa mahali muhimu, na watu wanakigombania. Daftari linatimiza vyote. Linasimamia nguvu ya maandishi juu ya watu, nguvu inayofanya kazi hata maandishi yenyewe yasipokuwepo. Sasa tazama mizani. Kwa desturi ni alama ya haki, utaiona hata kwenye nembo za mahakama. Hapa inapunja. Na daftari, lisilo na herufi, limehifadhiwa chini yake. Chombo cha haki kinachodanganya kimekalia kitabu cha uongo kilichosimamia madeni ya kweli. Hoja kama hiyo haipatikani kwa kukariri orodha. Inapatikana kwa kuangalia kitu kimewekwa wapi. Kenya utakutana pia na neno jazanda kwa picha za namna hii zinazofumba maana.

Hatua ya 9: Maudhui, dhamira, ujumbe

Fahamu kwanza tofauti ya matumizi, maana imewachanganya wengi wanaosoma vitabu vya pande zote mbili za mpaka. Tanzania uchambuzi hugawanywa katika fani na maudhui. Fani ni namna: muundo, mtindo, wahusika, mandhari, lugha. Maudhui ni yasemwayo, na ndani yake mna dhamira (kuu na ndogo), migogoro, ujumbe, msimamo na falsafa. Kenya mwanafunzi akiulizwa "maudhui" hutarajiwa kutaja masuala yanayojitokeza, kama umaskini, unafiki au elimu, na dhamira huchukuliwa kuwa lengo la mwandishi, lile alilotaka kulifikisha. Jibu kwa matumizi ya mtaala wako.

Kwa vyovyote, usiishie kwenye neno moja. "Unafiki" ni mada. Bado hujasema kitu. Igeuze iwe sentensi kamili: watu huweza kumlilia anayewadai kuliko wafiwa wenyewe, huku wakitamani deni lizikwe pamoja naye. Hiyo inaweza kubishiwa, na kinachobishiwa ndicho kinachofaa kutetewa. Ujumbe ni funzo linalotokana na hayo, nao usiulazimishe uwe methali. Je, "Daftari" inafundisha kwamba uongo ni mbaya? Uongo wa mtoto ndio uliompatia mjane haki yake. Ukikuta hadithi inakataa funzo rahisi, sema hivyo hivyo kwenye jibu lako.

Ufaafu wa anwani hushughulikiwa hapa pia, ukishaelewa mengine yote. Onyesha jina linavyogusa msuko, wahusika na ishara, kila hoja na mahali pake. "Anwani inafaa kwa sababu daftari limetajwa" haitoshi.

Hatua ya 10: Andika jibu

Katika KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari nchini Kenya, karatasi ya tatu ya Kiswahili (102/3) ina alama 80 kwa maswali manne ya alama 20, muda ukiwa saa mbili na nusu. Yaani takriban dakika 37 kwa swali, kusoma na kupanga vikiwemo. Swali la dondoo huanza mara nyingi na "Eleza muktadha wa dondoo hili" kwa alama 4: nani anasema, anamwambia nani, wapi, na kwa sababu gani au wakati gani. Jaribu na "Sisi tupo ukurasa wa kwanza." Msemaji ni msimulizi, mtoto. Anamwambia mama yake. Ni msibani kwa Mzee Kombo, usiku wa pili wa matanga. Ni baada ya kulifungua daftari, akakuta halina herufi, akalirudisha na kuamua kuficha alichokiona. Nne zimetimia, bila kusimulia hadithi nzima.

Kwa swali la insha, linganisha majibu haya mawili kuhusu kinaya.

La kwanza: "Kinaya kimetumika. Kinaya ni hali ya mambo kuwa kinyume na matarajio. Mzee Kombo hakujua kuandika."

La pili: "Kuna kinaya cha hali katika daftari linaloogopwa na mtaa mzima. Msimulizi analifungua akitafuta jina la familia yake na kukuta 'hapakuwa na herufi hata moja'. Wadaiwa walitawaliwa na imani yao wenyewe, si na maandishi. Ndiyo maana Mama analipa hata baada ya mdai kufa."

La kwanza lina fasili isiyoombwa na tukio lililoachwa likining'inia. La pili lina aina, mahali, nukuu fupi na kazi. Halijazidi mistari mitano. Mtahini anayesoma mamia ya karatasi analiona mara moja.

Nukuu ziwe fupi, maneno matatu hadi kumi. Hoja moja, aya moja. Usimulizi wa kisa usizidi sentensi unayohitaji ili hoja ieleweke.

Mazoezi

Ukitaka kujipima kabla ya kwenda kwenye diwani yako ya darasani, fanya haya kwa kutumia "Daftari" hiyo hiyo, kila moja kwa aya moja:

Andika upya aya ya tano kwa msimulizi maizi anayeingia akilini mwa mjane, kisha eleza kilichopotea na kilichoongezeka. Tetea au pinga kwamba mhusika mkuu ni Mzee Kombo, ingawa anafariki kabla ya nusu ya hadithi. Eleza kwa nini mtoto anamtaja mjane kama msomaji wa daftari, na hilo linafichua nini kumhusu mtoto. Mwisho, tazama tena sentensi ya kufunga: "Nyuma yake wengine walifuatana." Mtoto alimwambia mama yake peke yake. Wengine walijuaje?